Baiskeli kwenye msitu wa mvua wa North Shore, Vancouver: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kutoka katikati ya jiji la Vancouver, feri ya SeaBus inavuka ghuba ya Burrard kwa dakika kama 12. Ng'ambo ya pili, nyumba za North Vancouver zinapanda mlima hadi zinapokoma ghafla, na hapo msitu wa North Shore unaanza. Milima mitatu inahusika: Cypress magharibi, Fromme katikati, Seymour mashariki. Njia za baiskeli zilianza kuchimbwa humo kwa mkono miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 watu kama Todd Fiander, anayejulikana zaidi kwa jina la Digger, walikuwa wakijenga ngazi na madaraja membamba ya mbao za mwerezi ili kuvuka matope na mashimo ambayo baiskeli isingeweza kupita. Video za watu wakiyavuka madaraja hayo zilizunguka dunia. Leo mchonga njia wa Uskoti au New Zealand anayeweka daraja la mbao juu ya tope anafuata kilichoanzia hapa.

Mgeni anayekuja North Shore kwa kawaida anajiandaa kwa mwinuko na mawe. Anachosahau ni maji. Maji ndiyo yaliyoiumba ardhi hii, ndiyo yanayoamua utelezi wa mzizi, urefu wa maisha ya breki zako, saa ya kuondoka nyumbani na hata njia ipi usiiguse leo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji kabla ya baiskeli.

Hatua ya 1: Ielewe ardhi unayoikanyaga

Mawingu yanatoka Bahari ya Pasifiki, yanagonga milima, yanapanda, yanapoa na kumwaga. Uwanja wa ndege wa Vancouver, ulio tambarare kando ya bahari, hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Kwenye miteremko ya North Shore, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kiasi hicho kinapita 2,000. Jiji linaweza kuwa na manyunyu wakati mlimani kunamwagika kwelikweli, hivyo usiutathmini mlima kwa kuchungulia dirishani ukiwa mjini.

Chini ya miti kuna tabaka jembamba la udongo mweusi, laini, uliotokana na majani na magogo yaliyooza. Chini yake kuna kokoto na udongo mgumu ulioachwa na barafu ya zama za kale, kisha mwamba wa jamii ya matale. Udongo wa juu ni mwembamba, kwa hiyo mizizi ya mierezi haizami. Inatambaa juu, imesukwa kama mkeka, na tairi za miaka mingi zimeibambua magome hadi ikabaki mbao tupu inayong'aa. Maji nayo hayapenyi kwa urahisi kwenye tabaka gumu, hivyo yanatafuta njia ya kuteremka. Njia iliyo rahisi kwake ni ile uliyoichimba wewe.

Ukisimama kupumzika, angalia visiki. Utaona vya mierezi vyenye upana unaozidi mikono yako miwili iliyonyooshwa, na pembeni mwa kisiki kuna tundu mbili zilizochongwa kwa shoka, kimo cha kichwa au zaidi. Wakata miti wa zamani walichomeka ubao humo, wakasimama juu yake na kukata mti juu ya sehemu iliyotanuka. Msitu mkubwa wa awali ulivunwa, na barabara za magogo zilizobaki ndizo tunazopandia leo. Mountain Highway, njia kuu ya kupanda Fromme, ni mojawapo.

Hatua ya 2: Chagua msimu na saa

Njia za chini zinapitika mwaka mzima, na hilo ni jambo adimu kwa Kanada. Za juu hufunikwa na theluji majira ya baridi.

Kwa mara ya kwanza, njoo kati ya Mei na mwanzoni mwa Oktoba. Julai na Agosti ndiyo miezi mikavu, lakini kwa maoni yangu siyo mizuri kuliko yote: udongo hukauka ukawa vumbi, na vumbi juu ya mwamba linateleza. Siku bora ni siku moja au mbili baada ya mvua ya wastani mwezi Septemba, udongo ukiwa na unyevu wa kushika tairi na mizizi ikiwa imeanza kukauka. Novemba ni mwezi wa mvua nzito. Wenyeji wanaendelea kuendesha, nawe unaweza, ila uwe umeshajua njia zako.

Kuhusu saa: Desemba jua linazama kama saa kumi na robo jioni, na chini ya mierezi giza linatangulia kwa muda mrefu. Juni mwanga unafika saa tatu usiku. Kati ya Oktoba na Machi usiondoke bila taa, hata kama umepanga kurudi saa nane mchana. Pancha moja na mnyororo uliokatika vinatosha kukuweka gizani.

Hatua ya 3: Andaa baiskeli kwa ajili ya utelezi na miteremko

Baiskeli inayofaa ni ile ya milimani yenye shokomzoba mbele na nyuma, ya kiwango cha milimita 140 hadi 170. Isiyo na shokomzoba ya nyuma inapita njia nyepesi vizuri tu, na inafundisha kuchagua mstari; ila kwenye njia za mizizi mingi itakuchosha mapema. Kama huna, kodi North Vancouver. Maduka ya huko yanajua msitu huu na baiskeli zao zimefungwa vifaa vinavyoufaa, kuliko kubeba ya kwenu iliyoandaliwa kwa nchi kavu.

Tairi ndiyo yenye umuhimu kuliko kitu kingine chochote. Tafuta yenye raba laini na meno marefu yaliyoachana, upana wa inchi 2.4 au 2.5. Raba laini huisha haraka na huburuta unapopanda, lakini ndiyo inayoshika mzizi uliolowa. Ukiwa na fedha ya tairi moja tu nzuri, ifunge mbele. Tairi ya nyuma ikiteleza unajirekebisha. Ya mbele ikiteleza uko chini.

Upepo usizidi. Kwa mtu wa uzito wa wastani mwenye tairi za tyubulesi (zisizo na tyubu ndani), anzia psi (kipimo cha upepo wa tairi) 21 au 22 mbele na 24 au 25 nyuma, kisha rekebisha kwa psi moja moja. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza nyuma. Ukihisi gurudumu linaruka juu ya kila mzizi badala ya kuukumbatia, punguza. Tyubu za kawaida zitakulazimu kujaza zaidi ili kuepuka pancha za kubanwa, na kwa hilo pekee ningeshauri tyubulesi.

Breki ziwe za diski za haidroliki, na pedi ziwe za chuma badala ya zile laini za mchanganyiko wa nyuzi na gundi. Pedi laini zina mshiko mzuri pakikauka, lakini mvua na mchanga wa matale vinazisaga. Zinaweza kuisha ndani ya siku moja mbaya ukiwa bado mlimani. Kabla ya kuondoka, chungulia unene wake. Ukikaribia milimita moja, badilisha nyumbani.

Siti ya kushuka kwa kitufe siyo anasa hapa. Miteremko inakuja ghafla, na siti iliyo juu itakusukuma mgongoni kuelekea usukani wakati unahitaji nafasi ya kusogeza kiwiliwili. Ongeza madigadi mafupi ya mbele, yale ya plastiki yanayofungwa kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele. Yanazuia matope yasikuingie machoni.

Hatua ya 4: Mavazi na begi

Acha pamba nyumbani. Fulana ya pamba ikilowa inakaa imelowa, na ukisimama kusubiri mwenzako kwenye nyuzi joto tano mwili unapoteza joto haraka. Vaa sufu nyepesi au kitambaa cha michezo, kisha koti lisilopitisha maji. Helmeti iwe inayofunika hadi kisogo. Ukielekea kwenye njia nyeusi, yaani ngumu, iwe inayofunika na kidevu. Kinga za magoti, glovu za vidole vyote na miwani ya lenzi angavu, maana miwani ya jua ndani ya msitu ni sawa na kujifunga kitambaa.

Kwenye begi: maji, chakula, tyubu moja ya akiba hata kama una tyubulesi, pampu, spana za Allen, kiungo cha kuungia mnyororo, bandeji na kitambaa cha kufungia jeraha, blanketi jepesi la karatasi ya fedha, filimbi, taa, na simu iliyochajiwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Blanketi lile ni dogo kama kiganja likikunjwa, na ndilo wengi huliacha. Mtu aliyevunjika mguu anaweza kulala kwenye udongo uliolowa saa kadhaa kabla ya kubebwa, na udongo huo unanyonya joto lake muda wote.

Hatua ya 5: Kufika

Bila gari, panda SeaBus kutoka kituo cha Waterfront na baiskeli yako hadi Lonsdale Quay. Kutoka hapo unaweza kuendesha kwa barabara ya lami hadi Lynn Valley, mtaa ulio chini ya Fromme, ila ni mpando mrefu utakaokula nguvu kabla hujaanza. Mabasi yana kibebeo cha baiskeli mbili mbele. Muoneshe dereva kwamba unapakia, ipakie mwenyewe, kisha simama pembeni unaposhuka ili akuone unapoitoa.

Kwa gari, tumia maegesho yaliyowekwa kwa ajili ya waendeshaji. Chini ya Fromme lipo, karibu na geti la Mountain Highway, na Seymour lipo moja pale njia ya Old Buck inapoanzia. Usiegeshe mbele ya nyumba za watu ili kuokoa hatua mia mbili. Kelele za milango na mabomba ya kuoshea baiskeli alfajiri ziliwahi kuwachosha wakazi, na uhusiano huo umejengwa upya kwa shida.

Hatua ya 6: Soma rangi, kisha shuka kiwango kimoja

Alama ni hizi: duara la kijani kwa rahisi, mraba wa bluu kwa wastani, almasi nyeusi kwa ngumu, almasi mbili nyeusi kwa ngumu kupindukia. Zinafanana na za kwingine, na hapo ndipo mtego ulipo. Njia za North Shore zilipewa rangi na watu waliozoea North Shore. Bluu ya hapa, kwenye milima mingi mingine, ingekuwa nyeusi. Ukiwa unaendesha nyeusi kwenu bila wasiwasi, siku ya kwanza hapa endesha bluu. Hakuna atakayekuhukumu, na utafurahi zaidi.

Pakua ramani ya Trailforks kwenye simu kabla ya kuingia msituni, maana kwenye mabonde mtandao hupotea. Inaonesha rangi, mwelekeo wa njia, na kama imefungwa kwa matengenezo.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Kama hujawahi kuendesha nje ya lami, anzia Seymour Valley Trailway, njia ya lami ya kama kilomita 10 ndani ya hifadhi ya Lower Seymour, inayopita msituni hadi karibu na bwawa. Haina magari na inakupa msitu bila hofu. Kisha nenda njia ya Richard Juryn kando ya barabara ya Lillooet: ni ya kijani, ina mizizi midogo, madaraja mafupi na vipando vifupi, kila kitu utakachokutana nacho juu lakini kwa kipimo kidogo. Irudie. Mara ya kwanza utaangalia gurudumu la mbele tu. Mara ya tatu utaanza kuangalia mita kumi mbele, na hapo ndipo kujifunza kunapoanza.

Ukiwa tayari kwa mlima, nenda Fromme na uendeshe Bobsled. Ni njia laini yenye kona zilizoinuliwa ukingo na mawimbi ya udongo, haina cha kukurusha, na mwanafunzi na fundi wote wanaifurahia. Pandia Mountain Highway, barabara ya changarawe iliyofungiwa magari ya kawaida, inayozunguka kona moja baada ya nyingine. Wanaopenda kupanda ndani ya miti wana njia ya No Quarter, iliyochongwa makusudi kwa kupanda. Ina mizizi na mawe, na inafundisha kuhesabu nguvu.

Seymour ndiko ningempeleka mtu wa kiwango cha kati. Panda Old Buck taratibu, ni njia ya wote, watembea kwa miguu wamo. Teremka kwa Bottle Top na John Deer, kisha malizia na Bridle Path chini. Humo utapata sakafu ya udongo mweusi, kangaga pembeni, madaraja ya mbao yenye upana wa kutosha na kona zinazokulazimu kutumia kiwiliwili chote.

Baada ya hapo ndipo njia nyeusi zinakuja: Expresso na 7th Secret kwenye Fromme, Ned's Atomic Dustbin na CBC kwenye Seymour. 7th Secret inaanzia karibu na kona ya saba ya Mountain Highway, na ni darasa kamili la ngazi za mawe na mbao. Ladies Only, licha ya jina, ni ya kila mtu mwenye uwezo, na ina mizizi ya kukumbukwa. Cypress iache hadi umjue mtu anayeijua. Njia zake ni za mteremko mkali, zimefichika, na kupotea ni rahisi.

Neno kuhusu Baden Powell Trail, maana utakutana nayo kila mara. Ni njia ya miguu ya kama kilomita 48 kutoka Horseshoe Bay hadi Deep Cove, inayokatisha milima yote mitatu, na imepewa jina la mwanzilishi wa skauti, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Njia za baiskeli zinaikata au kuichangia sehemu fupi. Kila inapokutana na yako, punguza mwendo hadi uweze kusimama papo hapo; familia na watoto wanapita.

Hatua ya 7: Kuendesha kwenye mizizi, mbao na mwamba

Simama juu ya pedali, kanyagio zikiwa sambamba na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa, siti chini. Uzito wako uwe miguuni; mikono iwe imeshika usukani bila kuuning'inia. Kidole kimoja kwenye kila breki kinatosha kama breki zimefungwa vizuri. Huu ndio mkao wa kurudia kila unapoteremka. Ukiona mikono inauma, jua umeuacha.

Mizizi iliyolowa ina kanuni moja kubwa: breki zishikwe kabla, ziachiwe juu yake. Gurudumu linalozunguka huru hupita. Lililobanwa huteleza kuufuata mzizi. Kwa hiyo ukiona kundi la mizizi mita kumi mbele, punguza mwendo hapo ulipo, kwenye udongo, kisha achia na upite ukiwa mlegevu. Jitahidi kuukata mzizi kwa pembe mraba. Ule uliolala mshazari, unaokwenda karibu sambamba na njia, ndio mbaya kuliko yote. Uvuke kwa kunyanyua gurudumu la mbele kidogo na kulishusha ng'ambo, au pita sehemu ambayo mzizi wenyewe umejikunja ukawa mraba. Usigeuze usukani ukiwa juu yake. Kona igeuzwe kabla au baada.

Jizoeze hivi: chagua mizizi mitatu au minne ya njia rahisi, ipite ukiwa umeshika breki kidogo, kisha rudi uipite bila kugusa breki kabisa. Tofauti utaisikia makalioni mwa baiskeli mara moja, na hutahitaji tena kuelezwa.

Mbao zinateleza kuliko mizizi. Madaraja mengi yamepigiliwa wavu wa chuma au kuchanwa mifereji ya kushika tairi, lakini wavu huchakaa na ukoga huota pembeni. Ingia ukiwa umenyooka, mwendo wa wastani, macho kwenye mwisho wa daraja, mikono imetulia. Hakuna breki wala kugeuza. Ukihisi unakwenda pembeni, ni salama zaidi kuruka na kuiacha baiskeli kuliko kupigana nayo. Daraja usilolipenda, shuka ulitembee; karibu yote yana njia ya kulizunguka.

Mwamba, tofauti na wengi wanavyodhani, ndio rafiki. Matale yasiyo na ukoga yanashika tairi hata yakiwa yanachuruzika maji. Ndiyo maana utaona watu wanateremka kwenye ubapa wa jiwe ulioinama kama paa, mvua ikinyesha, bila wasiwasi. Tofauti iko kwenye rangi: jiwe la kijivu lenye mikwaruzo ya tairi linashika, la kijani au jeusi linaloteleza kwa kiatu litateleza kwa tairi. Kabla ya kuteremka ubapa wowote kwa mara ya kwanza, shuka, ulitembee hadi chini na uangalie mahali gurudumu la mbele litakapotua. Hapo ndipo watu wanaanguka, siyo kwenye jiwe lenyewe. Ukiona panaishia kwenye shimo au mzizi, tafuta mstari mwingine.

Unapoteremka, shusha kifua na sogeza nyonga nyuma kiasi, lakini usikae nyuma ya gurudumu la nyuma hadi mikono inyooke. Hapo gurudumu la mbele linakosa uzito na halishiki. Breki zote mbili zifanye kazi kwa upole na mfululizo, ya mbele ikibeba sehemu kubwa. Wengi wanaiogopa breki ya mbele, wanaibana ya nyuma peke yake, gurudumu linajifunga, wanaanza kuburuza. Zaidi ya hatari kwao, wanachimba mfereji ambao mvua ya usiku huo itaupanua.

Hatua ya 8: Adabu njiani

Mtembea kwa miguu na farasi wana haki kwanza. Anayepanda ana haki kuliko anayeteremka, isipokuwa kwenye njia ya kuteremka tu, ambako hapaswi kuwepo. Ukisimama, toka kabisa njiani, na baiskeli nayo itoke. Salimia. Ukiwa wa mwisho kwenye kundi, mwambie anayesubiri kwamba hakuna mwingine nyuma.

Kwenye dimbwi, pita katikati. Ukilikwepa pembeni, njia inapanuka, na ukingo unaokanyagwa unaua mimea inayoshikilia udongo.

Hatua ya 9: Dubu

Dubu weusi wanaishi humu, na hukimbia mtu wakimsikia mapema. Tatizo la baiskeli ni kwamba inakwenda haraka na kimya. Kabla ya kona zisizoona mbele, hasa majira ya matunda pori, piga kelele au kengele. Ukimwona, simama, weka baiskeli kati yenu, ongea kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma polepole na muachie njia ya kuondoka. Usikimbie. Akiwa na watoto, ondoka eneo hilo mapema zaidi. Usiache chakula wala maganda yake.

Hatua ya 10: Mtu akiumia

Kwanza linda mahali: mwenzenu mmoja apande mita kadhaa juu kuwazuia wanaokuja. Usimnyanyue aliyeangukia kichwa, shingo au mgongo. Mfunike, na kama hajaumia hapo weka koti au begi chini yake, mzuie damu inayotoka kwa kubana. Piga 911 na utaje jina la mlima, jina la njia na jina la njia ya karibu mliyoikata. Trailforks inaonesha ulipo hata bila mtandao, kwa hiyo soma kutoka humo namba zinazoonesha mahali ulipo kwenye ramani. Kama simu haishiki, mtume mtu juu ya mgongo wa mlima badala ya chini kwenye bonde.

Wanaokuja kuwatoa watu kwenye mazingira magumu hapa ni North Shore Rescue, kikosi cha kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1965. Hawatozi ada. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaochelewa kupiga simu wakiogopa gharama, wakajaribu kumkokota mgonjwa hadi giza linaingia. Piga mapema, kuwarudisha ukigundua hali ni nzuri si aibu.

Aliyegonga kichwa na kuanza kuchanganyikiwa, kutapika au kurudia swali lilelile, siku yake imekwisha hata kama anasimama na kudai yuko sawa. Helmeti iliyopasuka nayo imekwisha.

Hatua ya 11: Baada ya kurudi

Mchanga wa matale ni msasa. Osha baiskeli kwa maji ya mpira wa kawaida na brashi laini. Mashine ya presha inasukuma maji ndani ya beringi, na beringi iliyoingiwa na maji inaanza kusaga ndani ya wiki chache. Futa mirija ya shokomzoba kwa kitambaa kikavu. Kausha mnyororo, tia oili ya hali ya mvua tone moja kwa kila kiungo, subiri, futa iliyozidi. Kagua pedi tena. Vyombo vyenyewe vinavyochakaa haraka hapa ni pedi, mnyororo na beringi za nyuma, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 12: Shika koleo

Njia hizi hazijitengenezi. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu wa kujitolea chini ya North Shore Mountain Bike Association, iliyoanzishwa mwaka 1997, kwa makubaliano na wenye ardhi: manispaa, Metro Vancouver (mamlaka ya kanda), mbuga ya mkoa na wamiliki binafsi. Wakati fulani msuguano wa wachonga njia na mamlaka ulikuwa mkubwa, madaraja mengi ya zamani yakaondolewa. Chama hicho ndicho kilichoweka uhusiano kwenye mstari, na siku za kazi za pamoja ziko wazi kwa mtu yeyote, mgeni akiwemo. Uanachama nao unagharamia zana na mafunzo.

Nenda angalau mara moja. Utafundishwa kutofautisha udongo mweusi, unaooza na kuwa uji, na ule wa rangi ya dhahabu uliochimbwa chini yake, wenye kokoto, unaogandamana na kudumu. Kazi nyingi ni kuutafuta huo wa chini, kuuhamisha kwa ndoo, kuuweka mahali pa ule mweusi na kuupiga kwa mgongo wa koleo. Utafundishwa kupanga mawe bapa kwenye sehemu yenye chemchemi, kila jiwe likiegemea jingine, ili maji yapite chini na tairi juu. Zaidi ya yote utaonyeshwa mifereji: kipande kifupi cha mteremko kinachokatisha njia mshazari, kinachoyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi. Mfereji mmoja ulioziba kwa majani ya Oktoba unaweza kuharibu mita hamsini za njia kufikia Januari.

Kuuzibua hakuhitaji ruhusa wala zana. Ukiona maji yamesimama juu ya mfereji, shuka, sukuma majani kwa kiatu hadi yatoke upande wa chini, subiri uone yanateremka, kisha endelea. Ukikuta mti ulioanguka, usichimbe njia ya kuuzunguka wala usivunje matawi kupita. Ripoti kwenye Trailforks ukiweka picha na mahali, na watu wenye misumeno watafika. Na njia ambazo hazimo kwenye ramani, zile za udongo mwororo usioguswa zinazoingia msituni bila alama, ziache. Zimechongwa bila mifereji na bila ruhusa, na kila tairi inayopita hapo wakati wa mvua inaongeza kazi ambayo mtu mwingine ataifanya kwa ndoo.